Gari Lililofukizwa Udi

Sijui kama kuna pahala panapotia kinyaa kama ukumbi wa kuuzia magari siku ya ofa. Pale Khuwair ya Kusini, mjini Maskati, Jumamosi ile mchana, tende zilikuwa wazi kwenye sinia na kila aliyepita alizibonyeza mbilimbili kabla ya kuchagua moja. Wauzaji walikuwa wamejimwagia manukato mpaka macho ya watu yanawasha. Watoto walipanda na viatu juu ya viti vipya, baba zao wanawapiga picha, na mwanamume mmoja mzima alisimama akijichokoa meno kwenye kioo cha pembeni cha gari lisilokuwa lake.

Rahila alipita katikati ya hayo yote na abaya yake ya rangi ya majivu ameishika pindo isiguse kitu. Alikuwa mfamasia, ana miaka thelathini na moja, na pua yake ilikuwa mzigo tangu utotoni. Ndani ya gari yeye alitapika. Alitapika katika gari la baba yake, katika basi la chuo, na wiki iliyopita katika mfuko wa dawa kwenye gari la kaka yake Humaid, ambaye hajamaliza kulisimulia jambo hilo kwa watu mpaka leo. Gari lake la zamani lilikuwa limekufa, na sasa alitaka krosova, lile gari dogo lililonyanyuka kidogo kutoka chini, linaloingia popote mjini. Akafungua mlango wa moja jeupe, akakaa nyuma ya usukani, akafunga.

"Astaghfirullah," alisema kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, maana alidhani yuko peke yake. "Hii gari au kopo la gundi?"

"Na bado hujawasha kiyoyozi, bibi," sauti ikajibu kutoka kiti cha nyuma.

Rahila aligeuka. Mwanamume alikuwa amejikunja nyuma, kichwa karibu na sakafu, dishdasha yake nyeupe imepanda mpaka magotini, anachungulia chini ya kiti.

"We unafanya nini humo?"

"Natazama betri ilipokaa. Usinogope, mie fundi, siuzi kitu." Akainuka, akafuta mikono kwa kitambaa, kisha akaifuta tena kabla ya kushika mlango. "Naitwa Harub. Nafanya kazi karakana, natengeneza haibridi, gari za petroli na betri pamoja."

Rahila aliziona kucha zake, zina msitari mweusi wa mafuta. Zilimchefua. Lakini aliona pia kuwa amefuta mikono mara mbili, na wanaume wa aina hiyo alikuwa hajakutana nao wengi.

"Basi, fundi, nambie. Nichukue ipi?"

"Nambie kwanza wapi unakwenda kila siku."

"Natoka Al Khoudh, nakuja hapa Khuwair, duka la dawa. Alasiri narudi. Foleni nnaikuta Mawaleh. Husimama, hutambaa, ikasimama tena. Mie hapo moyo unanichafuka."

"Na nyumbani wanasemaje?"

"Kaka yangu anataka ninunue jipi la silinda nane. Anasema watu watatuona vipi."

"Silinda nane za kwendea kuuza dawa ya mafua?" Harub alicheka. "Iache hiyo. Ile ndogo yenye tabo, inayosukumwa kwa upepo, nzuri, lakini kwa mtu wa safari ndefu, anaekwenda Suhar na kurudi. Kwenye foleni inakata pumzi, ikizipata inakurusha shingo. Utatapika kila mzunguko."

"Ya umeme mtupu?"

"Nzuri sana, ukiwa na pahala pa kuichaji. Kwenu mna gari ngapi uwani?"

"Tano. Na ya Humaid imelala mbele ya plagi toka Ramadhani."

"Basi haibridi. Foleni ikitambaa, inakwenda kwa betri, kimya. Ukikanyaga breki inajichaji yenyewe. Hakuna kushtuka shtuka. Tumbo lako litatulia."

"Makubwa. Sijakujua hata dakika kumi, ushaingia mpaka tumboni mwangu."

Walicheka, muuzaji mmoja akaja na tabasamu lake la mafuta, akasema haibridi mpya zina foleni ya miezi minne. Rahila aliandikisha jina lake, akatoka na nambari mbili: ya foleni, na ya Harub.

Wiki tatu zilizofuata simu haikupoa. Harub alimwita Daktari, na Rahila akimjibu kuwa yeye si daktari, ni mfamasia, na kama anaumwa aseme ampe cha kumeza.

"Nnaumwa, Daktari."

"Wapi?"

"Masikioni. Nisipokusikia toka asubuhi yanauma."

"Chovya pamba kwenye mafuta ya gari, jitie."

"Una roho mbaya, habibti."

"Na we una kucha chafu."

Siku ya pili alimtumia picha ya mikono yake, kucha zimekatwa, zimesuguliwa mpaka nyekundu. Rahila aliitazama picha ile katika stoo ya dawa kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Akajiona mjinga, akafurahi kuwa mjinga.

Miezi minne ya kutapika katika gari la Humaid ilikuwa mingi. Harub akasema kaka yake mkubwa, Safwan, ana yadi ya magari yaliyotumika kidogo, na ameingiza krosova moja ya haibridi, ya mwaka mmoja, rangi ya fedha. Wakaenda adhuhuri ya Jumatano.

Sasa nitasema lililotokea pale, na nikilisema mate yananijaa mdomoni.

Gari lilikuwa limefukizwa udi. Si kidogo, udi wa kuunga, mzito wa sukari na miski, uliokaa kwenye viti mpaka ukifungua mlango unakupokea. Mtu mwengine angeuliza kwa nini. Lakini Rahila alikuwa mtoto wa nyumba za udi. Nguo za Idi hufukizwa, mgeni hufukizwa, bibi harusi hufukizwa mpaka nywele. Alipoisikia harufu ile akahisi amekaribishwa, na pua yake, iliyomkatalia kila gari, ikalala. Harub aliinua boneti, akaunganisha kifaa chake, akasoma betri: nzima. Injini nzima. Akafungua buti, akanyanyua ubao, akalitoa tairi la akiba.

Pale chini, kwenye kona za bati, palikuwa na udongo laini wa kahawia uliokauka katika msitari ulionyooka, kama ule unaobaki kwenye beseni. Akainama. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyengine, ya wadi: maji ya mvua yaliyoshuka milimani na kila yalichokutana nacho njiani. Gari hili lililala ndani ya maji. Fundi hahitaji kuambiwa.

Safwan alikuwa pembeni yake, ndevu zimepakwa rangi, mkono begani mwa mdogo wake.

"Tumefua mazulia tu, yakhe," akasema polepole. "Betri si umeiona nzima? Mpe mtoto wa watu gari yake, aende."

Safwan ndiye aliyemlea Harub baba yao alipofariki. Ndiye aliyempeleka kusoma ufundi. Harub akalirudisha tairi, akaurudisha ubao, akafunga buti.

"Vipi?" Rahila akauliza.

"Zuri," alisema.

Neno moja. Nimewahi kuona mtu akitema kohozi msikitini nikachukizwa kidogo kuliko ninavyochukizwa na neno hilo.

Rahila akalilipia mchana ule ule, na mwezi ule wa mwanzo ulikuwa mtamu. Rahila alipita Mawaleh kwenye foleni bila kutapika, gari linatambaa kwa betri kimya, na Harub masikioni mwake kwa spika.

"Tumbo?"

"Limetulia. Lakini moyo ndo haujatulia."

"Huo haumo kwenye ufundi wangu."

"Basi jifunze."

Mwezi wa Juni joto likapanda, na hewa ya Maskati ikawa ile ya kujipangusa shingo kila ukitoka mlangoni. Udi ukaanza kuchoka. Asubuhi moja Rahila alifungua mlango wa gari akadhani mama yake, Bi Sabah, kasahau papa mkavu ndani. Akaliosha gari. Siku ya pili akadhani ni viatu vyake, akavitupa. Akadhani ni yeye mwenyewe. Akaoga mara tatu kwa siku, akabadilisha sabuni, kazini akawa anasimama mbali na wagonjwa. Mwanamke msafi kuliko wote Al Khoudh alikuwa akijinusa kwapa chooni kwa sababu ya watu wawili walionyamaza.

"Harub, gari inanuka."

"Inanuka vipi?"

"Kama kitambaa cha kudekia kilichosahauliwa ndooni. Jana nimetapika."

"Labda chujio ya kiyoyozi. Ntakuja niibadilishe."

Alikuja akaibadilisha. Akaleta na dawa ya kupuliza. Alikuwa amekonda, na akiwa anafunga kisanduku cha vifaa vyake alifungua mdomo kama mtu mwenye la kusema, kisha akasema kuwa mama yake anataka kuja kumtazama rasmi. Rahila alifurahi mpaka akasahau harufu. Uwongo wa pili, wa chujio, ulikuwa umekaa juu ya wa kwanza, na posa juu yake, na mie nasikia aibu kusimulia kuwa mtu huyu alimpenda kweli.

Bi Zuwena, mama yake Harub, alikuja Ijumaa baada ya alasiri na shela yake ya hariri, mikono imejaa hina mbichi na bangili. Alikuwa mwanamke mzuri wa maneno. Bi Sabah akamkalisha, kahawa ikamiminwa, halua ikafunuliwa. Rahila aliingia na gauni la kijani lenye mikono mirefu ya zari, amesuka nywele.

"Mashaallah, mwanangu. Harub hakusema uwongo," alisema Bi Zuwena. "Haya, nimekuleteeni udi. Nnaunga mwenyewe, mkono wangu. Bi Sabah, niletee chetezo tuufukize."

Makaa yakaletwa. Kipande kikatiwa, moshi ukapanda, ukamfika Rahila.

Aliujua kabla ya kuvuta pumzi ya pili. Sukari, miski, na kwa sababu ubongo wake ulikwisha kuvifunga viwili hivyo pamoja, nyuma yake ukaja uvundo wote wa gari. Mate yakamjaa.

"Udi huu..." alisema. "Bi Zuwena, udi huu unamuuzia nani?"

"Mie? Siuzi, mwanangu. Ni wa hawa wa kwetu tu. Na Safwan ndo mteja wangu mkubwa, anafukizia gari zake. Kila zikipita mvua huja kunambia, mama niungie debe zima. Mvua zile wadi ziliposhuka nliunga mpaka mikono ikapata malengelenge." Alicheka, mama wa watu, hakujua analosema.

Rahila aliweka kikombe chini. Akatoka nje na gauni lile la zari, akafungua buti mbele ya macho ya majirani, akaling'oa zulia kwa mikono miwili. Lilitoka na sauti ya kitu kilichogandana. Chini yake palikuwa na kuvu nyeupe yenye manyoya, maji ya rangi ya chai, na ndani ya mkunjo wa zulia, chura aliyekauka, amebanwa bapa, miguu imenyooka. Rahila alitapika pale pale, juu ya viatu vyake vya dhahabu. Kisha akampigia simu Harub.

"Niko na chura wako hapa."

"Chura gani?"

"Wa wadi. Alikuwa kwenye gari uliyonipimia. Harub, nataka neno moja tu, maana majibu ya neno moja unayaweza. Ulijua?"

"Nlijua."

"Toka siku ile?"

"Toka siku ile."

"Nimejiosha mpaka ngozi imetoka," alisema Rahila, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Nikijinusa. Na we ukija na dawa yako ya kupuliza. Moyo unanichafuka nikikusikia tu. Mama yako mchukue nyumbani, hana makosa. Khalas, tumemalizana."

Yaliyofuata ni ya kawaida katika nyumba zetu, na ndiyo yanayonichukiza zaidi. Wazee wakakutana kwa sulhu. Wakanywa kahawa. Wakakubaliana kuwa Safwan alichukue gari lake, arudishe alichopokea, na mambo yaishe ndani, maana hawa wenzetu, jina la watu, aibu ya familia. Humaid akaunga mkono.

"Si umerejeshewa kila kitu? Unataka nini tena?"

"Nataka kujua gari hii anauziwa nani wiki ijayo," Rahila akasema. "Atatapikia wapi?"

Mzee mmoja alijipakulia halua.

Siku nne baadaye Rahila alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya malalamiko ya wanunuzi, amevaa abaya nyeusi tupu, bila wanja. Karani alimsikiliza, akapekua, akamtazama.

"Yadi hii hii? Tayari ina faili. Limefunguliwa Jumapili."

"Na nani?"

"Na ndugu wa mwenye yadi. Ameandika magari saba, kila moja na alama za maji zilipo. Lako ni la kwanza. Ameandika alilikagua, akaiona alama, akakwambia ni zuri. Kasaini."

Rahila akaomba kuiona karatasi, akaoneshwa. Mwandiko ulikuwa wa mtu asiyependa kuandika. Hapakuwa na "nilidanganywa," wala "kaka yangu alinilazimisha." Baadaye alikuja kusikia yaliyobaki: kuwa Harub aliwapigia simu wanunuzi wengine sita mmoja mmoja, na mmoja wao, mwanamke mwenye mapacha, alimtukana nusu saa na yeye hakukata, kuwa Safwan alimtupia nguo zake nje ya geti, kuwa Bi Zuwena hakumtetea. Rahila hakumsamehe kwa hayo. Alikasirika zaidi, maana sasa ilikuwa vigumu kumchukia kwa raha.

Harub hakupiga simu. Huo ulikuwa uungwana wake wa kwanza kwa muda mrefu.

Septemba foleni ya krosova ikafika jina lake. Rahila alikaa na simu mkononi tangu adhuhuri mpaka laasiri, akajiita mjinga, akapiga.

"Gari yangu mpya imekuja. Njoo uikague."

"Rahila..."

"Sikukwita kwa mapenzi. Nataka fundi. Utakagua mbele yangu, na kila unachokiona unasema kwa sauti, muuzaji asikie, kila mtu asikie."

Alikuja na dishdasha iliyokunjika, amekonda shingo. Salamu zao zilikuwa za watu waliokutana msibani. Kisha akaanza. Alisema kwa sauti ya mwadhini. Alisema rangi ya mlango wa kushoto imepakwa mara ya pili, labda ilikwaruzwa melini. Alisema kiti cha nyuma kitambana mtu mrefu. Kwamba buti ni dogo kwa sababu ya betri, na kwamba kwenye mlima wa Al Amirat injini itapiga kelele, asije akadhani imeharibika. Kwamba kioo cha paani ni upumbavu katika joto hili, na yeye mwenyewe angelikuwa mnunuzi angelisema kikatwe kwenye bei. Muuzaji alikuwa akipangusa jasho, watu wawili waliacha tende wakaja kusikiliza.

"Kwa hiyo nisichukue?"

"Chukua. Kwa foleni yako na tumbo lako hakuna bora kuliko hii. Lakini chukua ukijua."

Wakatoka nje kulijaribu. Rahila aliendesha mpaka mwisho wa barabara, akasimama chini ya kivuli cha jengo. Gari likawa kimya kabisa, kiyoyozi tu kinavuma.

"Na we?" alisema bila kumtazama. "Una kasoro gani? Kwa sauti."

"Naishi chumba cha nyuma kwa rafiki yangu Yaqdhan, Mawaleh. Mama hasemi na mie. Safwan kaapa hatonizika. Ukinikubali, siku ya harusi upande wangu hautokuwa na mtu, utaona aibu mbele ya watu wenu."

"Endelea."

"Nnaogopa kumkasirisha mtu nimpendae. Nnaweza kuoza ndani kwa kuogopa hivyo. Nlikuwa nakuja kwenu kubadilisha chujio, narudi nalia barabarani, na bado sikusema."

"Endelea."

"Imebaki moja. Watu wanadhani nlinyamaza kwa ajili ya Safwan. Na wewe umedhani hivyo. Si hivyo tu. Ningekwambia usiichukue, ungengoja miezi minne, ungekwenda zako na kaka yako, ungenisahau. Nlitaka uondoke na gari mchana ule ule, jioni unipigie simu unishukuru. Nlikuuza kwa simu moja."

Rahila alizima gari. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya chura.

"Hiyo ndo chafu kuliko zote."

"Najua."

"Na hakuna mtu angeijua. Hata mie."

"Hakuna."

Walipita watu wawili na mifuko ya dukani, wakavuka.

"Alhamisi baada ya laasiri njoo nyumbani," alisema mwishowe. "Njoo umpose mtu. Utakuja na nani?"

"Peke yangu."

"Njoo hivyo hivyo. Mama atakuwepo na Humaid atakuwepo, na wale wazee wa sulhu ntawaita wote. Haya yote ulonambia mie, waambie na wao. Mie ntakaa pale pale nasikiliza. Ukipunguza moja, nnainuka."

Alhamisi Harub alikwenda peke yake, akakaa kwenye mkeka mbele ya watu kumi na mmoja, akakataa kahawa mpaka amalize kusema. Akaanza na lile la mwisho, la simu moja.